Maswali na Majibu: Dhalimu ni nani, na watu hufanya nini mbele yake?

SWALI: Ndugu Mhariri, pokea salamu zangu. Mimi ni mwalimu wa somo la historia katika shule ya sekondari mjini Bukoba. Tulipofika kwenye mada ya vita vya Kagera kati ya Tanzania na Uganda, wanafunzi wangu waliuliza mambo mawili ambayo naona yanastahili jibu pana kuliko kipindi kimoja cha darasani. Kwanza, mtawala dhalimu ni yupi hasa, maana viongozi wakali wako wengi na si wote tunaowaita kwa jina hilo? Pili, kwa nini wananchi wa Uganda walimvumilia Idi Amin kwa miaka minane, hadi jeshi la nchi jirani likaja kumwondoa? Baadhi ya wanafunzi walisema kwamba Waganda walikuwa waoga. Naomba ufafanuzi wako.
Mwalimu, Bukoba

JIBU: Mwalimu, ahsante kwa barua yako. Ni vizuri kwamba swali hili limetoka Kagera, kwa kuwa huko wapo wazee wanaoweza kulijibu kwa yale waliyoyaona kwa macho yao.

Ukali peke yake haumfanyi mtawala kuwa dhalimu. Mtawala anaweza kuwa mkali, akakosea sana, hata akachukiwa na watu wake, na bado asiwe dhalimu, ikiwa mtu aliyeonewa anayo mahali pa kwenda kulalamika, na huko aendako yupo mwenye uwezo wa kumwamuru mtawala aache. Dhalimu ni yule aliyeiondoa au kuiteka kila mahali pa namna hiyo, yaani mahakama, Bunge, magazeti, vyama na hata mabaraza ya dini, kisha akaitumia nafasi hiyo kuwanyang'anya watu uhai, uhuru na mali zao bila kulazimika kutoa hesabu kwa yeyote. Kwa hiyo anayetaka kumtambua mapema asikae kusubiri damu imwagike, bali atazame ni milango mingapi ya kulalamikia inafungwa, na inafungwa kwa kasi gani.

Nchini Uganda milango hiyo ilifungwa haraka mno. Amin alitwaa madaraka tarehe 25 Januari 1971, Rais Milton Obote akiwa Singapore kwenye mkutano wa nchi za Jumuiya ya Madola. Bunge likavunjwa, shughuli za siasa zikapigwa marufuku, na kabla ya miezi mitatu kupita ikatoka amri iliyowapa wanajeshi mamlaka ya kuwakamata raia. Tangu hapo askari aliyesimama barabarani na bunduki alikuwa yeye ndiye polisi, na mara nyingi ndiye hakimu pia. Chombo kilichokuja kuogopwa kuliko vyote kilipewa jina la kawaida kabisa, Idara ya Utafiti ya Taifa, na makao yake yalikuwa kwenye kilima cha Nakasero, katikati ya Kampala. Watu wake walivaa mashati ya maua na miwani myeusi, wakaendesha magari yenye namba zilizoanza na herufi UVS. Mtu alikamatwa mchana, mbele ya wapita njia, akatiwa kwenye buti la gari, na jamaa zake wasiambiwe amepelekwa wapi wala kwa kosa gani. Mkewe akienda kituo cha polisi, polisi wenyewe waliogopa kuandika taarifa yake. Hapo ndipo udhalimu unapoonekana waziwazi: yule ambaye kazi yake ni kusikiliza malalamiko naye ana hofu ile ile aliyonayo mlalamikaji.

Kwa kuwa unafundisha vijana wa Kitanzania, naona ni haki niseme na hili. Sisi wenyewe tulikuwa na sheria ya mwaka 1962 iliyoruhusu mtu kuwekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani, tena tukaishi chini ya chama kimoja kwa miaka mingi, na Tume ya Jaji Nyalali, iliyochunguza kama tubaki na chama kimoja au turuhusu vyama vingi, ilipomaliza kazi yake mwanzoni mwa miaka ya tisini iliorodhesha sheria 40 kuwa ni za ukandamizaji, hiyo ya kuweka watu kizuizini ikiwa mojawapo. Simlinganishi Mwalimu Nyerere na Amin, kwani tofauti yao ni kubwa na kila mwenye kumbukumbu anaijua. Ninachosema ni kwamba tofauti hiyo isitegemee moyo wa mtawala peke yake, kwa sababu moyo hubadilika na mtawala naye hubadilishwa, ilhali sheria mbaya hubaki mezani ikimsubiri mrithi wake.

Sasa nije kwenye uoga. Kabla ya kuuliza kwa nini watu walivumilia, wanafunzi wako waulize kwanza kwa nini walishangilia. Siku ya mapinduzi mitaa ya Kampala ilijaa watu waliokuwa wakicheza na kupunga matawi ya miti. Walikuwa na sababu zao. Mwaka 1966 Obote alikuwa ameishambulia kwa jeshi ikulu ya Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, pale Mengo, akaitupa katiba ya uhuru, mwaka uliofuata akazifuta tawala za jadi, na mwishoni mwa mwaka 1969 akavipiga marufuku vyama vya upinzani na kuwafunga wapinzani wake bila kesi. Amin akawafungulia wafungwa wa kisiasa na kuurudisha nyumbani mwili wa Kabaka Mutesa, aliyefia uhamishoni London, ukazikwa kwa heshima zote Kasubi, kwenye makaburi ya wafalme. Waliomlilia Kabaka wao walijua vizuri kwamba aliyeongoza lile shambulio la Mengo alikuwa Amin huyu huyu, lakini siku hiyo furaha ilizidi kumbukumbu.

Katika miezi ile ile ya shangwe, wanajeshi wa makabila ya Acholi na Lango walikuwa wakichinjwa kambini kwa kosa la kutoka upande wa Obote. Habari zilivuja, kama zinavyovuja siku zote. Waliozisikia wakasema hayo ni mambo ya wanajeshi, ni mambo ya watu wa kaskazini, hayatuhusu. Mimi naona kosa kubwa la raia wa Uganda, kama tunataka kulitafuta, liko hapo, katika ule mwaka wa kwanza na wa pili, wakati waliopigwa walikuwa wengine na mdomo ulikuwa bado unaweza kufunguliwa bila kulipwa kwa risasi.

Mwaka 1972 ukaja mtihani mkubwa zaidi. Mwezi Agosti Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke nchini katika siku 90. Watu wapatao 50,000 au zaidi, wengi wao wakiwa wamezaliwa Uganda, waliacha maduka, viwanda, nyumba na akiba zao, wakapanda ndege na magari moshi na pesa kidogo mfukoni, huku wakipekuliwa na kuporwa kwenye vizuizi vya njiani. Siwezi kuificha sehemu inayouma: uamuzi ule ulipendwa na wengi, na si Uganda tu, bali hata katika nchi jirani kulikuwa na watu waliompongeza. Malalamiko juu ya biashara kuwa mikononi mwa wachache yalikuwa na ukweli wake, kwani ukoloni ndio uliokuwa umeigawa kazi kwa misingi ya rangi, lakini malalamiko ya kweli yakageuzwa kuwa kibali cha uporaji. Maduka yakagawiwa, kwa kiasi kikubwa kwa wanajeshi na watu wao, na tabaka jipya la matajiri likapewa na wananchi jina la Kiswahili, *mafuta mingi*. Mtu aliyekabidhiwa duka lenye bidhaa ambazo si zake amefungwa mdomo bila kutishwa. Akiuliza kesho kwa nini jirani yake ametoweka, ataulizwa naye duka alilipataje. Watawala wa aina hii hutumia hofu, ndiyo, lakini hutumia pia kugawa, na ugawaji huo huwateka watu ambao hofu peke yake isingewateka.

Bidhaa zilipokwisha rafuni hapakuwa na wa kuziagiza upya. Sukari, chumvi na sabuni vikawa vitu vya kutafutwa kwa kujuana. Ndipo likazuka lile jibu la wananchi ambalo wanafunzi wako huenda hawalihesabu kuwa jibu. Wakulima waliiacha pamba, kwa kuwa serikali iliwalipa bei duni na kwa kuchelewa, wakarudi kwenye migomba na mihogo ya kulisha watoto wao. Kahawa ikavushwa usiku kwenda Kenya, kupitia ziwani, Busia na soko la Chepkube, hasa bei ya dunia ilipopanda baada ya baridi kali kuharibu mashamba ya Brazil mwaka 1975. Biashara hiyo iliitwa magendo, na Amin aliiona hatari kiasi cha kuunda kikosi maalumu cha kuizuia. Sisemi kila mlanguzi alikuwa shujaa, maana wakubwa wa jeshi nao walinufaika na magendo hayo hayo. Lakini mkulima mdogo aliyekataa kuipa serikali ile zao lake alikuwa ametoa kauli yake kwa njia pekee aliyobakishiwa.

Na wapo waliosema kwa sauti. Benedicto Kiwanuka, mwanasheria na kiongozi wa chama cha upinzani, alifungwa na Obote, akafunguliwa na Amin, akakubali kuteuliwa kuwa Jaji Mkuu mwaka 1971. Wapo waliomlaumu kwa kukubali. Alipoletewa shauri la Mwingereza aliyekuwa ameshikiliwa na wanajeshi, aliamuru aachiwe, na akatamka kwamba wanajeshi hawana mamlaka ya kumshikilia mtu namna ile. Tarehe 21 Septemba 1972 watu wenye silaha walimtoa ofisini kwake, ndani ya jengo la Mahakama Kuu, mchana kweupe, wakamtia garini, na hakuonekana tena. Wiki chache baadaye akatoweka Frank Kalimuzo, mkuu wa Chuo Kikuu cha Makerere. Mwaka 1977 akauawa mwandishi wa tamthilia Byron Kawadwa, baada ya kundi lake kurudi kutoka kwenye tamasha la sanaa la Lagos.

Viongozi wa dini nao hawakunyamaza wote. Mwaka 1976 wakuu wa Waanglikana, Wakatoliki na Waislamu walikutana kujadili hali ya usalama, jambo lililomkasirisha sana Amin, ambaye alitaka kila kundi lije kwake peke yake. Februari 1977, baada ya nyumba ya Askofu Mkuu Janani Luwum kupekuliwa usiku na watu wenye bunduki, maaskofu wa Kianglikana walimwandikia Amin barua ya wazi na ya heshima, wakimweleza kwamba wananchi wanauawa na vyombo vya serikali yake. Tarehe 16 mwezi huo viongozi wa dini waliitwa mbele ya hadhara ya wanajeshi mjini Kampala, zikaonyeshwa silaha zilizodaiwa kuwa ni za njama, na wanajeshi wakapiga kelele za kutaka watuhumiwa wauawe. Maaskofu wengine waliruhusiwa kuondoka, Luwum akabakizwa. Kesho yake redio ilitangaza kwamba yeye na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi, wamekufa katika ajali ya gari. Mwili haukuletwa kanisani, nayo serikali haikutaka ibada ya kumkumbuka. Hata hivyo Jumapili iliyofuata maelfu walipanda kilima cha Namirembe, wakakusanyika kwenye kaburi lililochimbwa na kubaki tupu, wakaimba. Kila mmoja wao alijua kwamba katika umati ule wamo watu wa Nakasero wanaosoma nyuso.

Kwa hiyo, Mwalimu, waambie vijana wako kwamba hofu si ridhaa. Aliyenyamaza kwa sababu ana watoto watano nyumbani hakumkubali Amin. Lawama ziwe kwa aliyemtaja jirani yake ili apate shamba lake, maana hao nao walikuwepo, na bila taarifa zao magari ya UVS yasingejua pa kusimama.

SWALI: Ndugu Mhariri, je, haikuwezekana Waganda wamwondoe Amin wao wenyewe? Na ilikuwa haki kwa Tanzania kuvuka mpaka hadi Kampala?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Ndugu yangu wa Mombasa, walijaribu, tena zaidi ya mara moja. Septemba 1972 wafuasi wa Obote waliingia kutoka Tanzania wakashindwa vibaya. Machi 1974 ukatokea uasi ndani ya jeshi, na Brigedia Charles Arube aliyehusishwa nao akafa. Juni 1976 Amin alirushiwa mabomu ya mkono pale Nsambya, akanusurika. Kila jaribio lililoshindwa lilifuatwa na misako na vifo, na kila aliyekuwa akipanga la pili alilazimika kujiuliza ni wangapi wasiohusika watakaolipa. Jeshi lililipwa vizuri na kugawanywa kwa makusudi, ili pasiwepo kamanda anayemwamini mwenzake, na silaha zilitoka kwa marafiki wa nje.

Kuhusu haki ya kuvuka mpaka, maoni yangu ni kwamba ilikuwepo. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia Kagera, yakaikalia ardhi ya kilomita za mraba zipatazo 1,800, yakaua raia, yakaondoka na watu na mifugo, yakalivunja daraja la Kyaka, na Amin akatangaza kwamba eneo lile sasa ni la Uganda. Mwalimu Nyerere akalihutubia taifa, akasema sababu ya kumpiga ipo, nia ipo na uwezo upo. Swali gumu ni la baada ya kuikomboa Kagera: kwa nini jeshi halikusimama mpakani? Wakuu kadhaa wa nchi za Afrika walilaumu, wakishikilia kanuni ya kutoingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine. Kanuni hiyo ina thamani yake. Lakini Umoja wa Nchi Huru za Afrika ndio uliokutana Kampala mwaka 1975 na kumpa Amin uenyekiti, miaka mitatu baada ya Jaji Mkuu wake kunyakuliwa ofisini, na ni nchi chache tu, Tanzania ikiwemo, zilizokataa kuhudhuria. Umoja uliokaa kimya raia walipokuwa wakiuawa haukuwa na nguvu ya kimaadili ya kumfundisha aliyevamiwa mipaka ya hasira yake.

Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Askari wa Tanzania walipokelewa kwa nyimbo na kuitwa *bakombozi*. Wengi wa waliowapokea walikuwa wamekiogopa Kiswahili kwa miaka minane, kwa kuwa kwao kilikuwa lugha ya askari wa vizuizi vya barabarani, na ghafla wakakisikia kwa askari wanaoomba maji ya kunywa. Sisi tunaoandika kwa lugha hii tunapaswa kulijua hilo, maana mpaka leo wapo Waganda ambao Kiswahili huwakumbusha mtutu wa bunduki.

Nisikupambie yaliyofuata. Miji ya Masaka na Mbarara ilibomolewa vibaya, Kampala ikaporwa na wenyeji na askari pia. Viongozi waliotokana na mkutano wa Waganda waliokuwa uhamishoni, uliofanyika Moshi, Tanzania, Machi 1979, hawakukaa: Yusuf Lule alitawala siku 68 tu, Godfrey Binaisa akaondolewa mwaka uliofuata, uchaguzi wa Desemba 1980 uliomrudisha Obote ukapingwa, vita vya msituni vikaanza, na watu wa Luwero, kaskazini mwa Kampala, wakafa kwa maelfu chini ya serikali ambayo haikuwa ya Amin. Jeshi la nje liliweza kumfukuza mtu mmoja na askari wake. Mahakama inayoweza kumwambia mwenye bunduki aache haikuletwa kwa malori kutoka mpakani Mutukula, na Waganda walipaswa kuanza kuijenga wakiwa na njaa, silaha zikiwa zimezagaa na visasi vikiwa vibichi.

SWALI: Je, Amin alipata kushtakiwa? Na familia za waliouawa zilipata nini?
Mwanafunzi, Arusha

JIBU: Hakushtakiwa. Alikimbilia Libya, kisha Saudi Arabia, akaishi Jeddah hadi alipofariki tarehe 16 Agosti 2003, na katika miaka yote hiyo hakuna mahakama iliyomwita. Idadi ya waliouawa wakati wake haijulikani kwa hakika. Tume ya Kimataifa ya Wanasheria ilikadiria kati ya watu 80,000 na 300,000. Tofauti hiyo kubwa ya makadirio ni sehemu ya uhalifu wenyewe, kwani waliotupwa mtoni na misituni hawakuandikwa popote.

Mwaka 1986 serikali mpya iliunda tume iliyoongozwa na Jaji Arthur Oder kuchunguza ukiukaji wa haki za binadamu uliofanywa na serikali zote tangu uhuru hadi Januari mwaka huo. Tume ilizunguka nchi ikisikiliza mashahidi, ikakwama mara kwa mara kwa kukosa fedha, na ripoti yake ikatoka mwaka 1994. Waliofikishwa mahakamani ni wachache mno. Tarehe 16 Februari sasa ni siku ya mapumziko nchini Uganda kwa kumkumbuka Luwum, na Mahakama ya nchi hiyo imeanzisha mhadhara wa kumbukumbu ya Kiwanuka. Familia nyingi, hata hivyo, hazikuomba sikukuu wala mhadhara. Ziliomba kuambiwa jamaa yao alipelekwa wapi na nani aliyetoa amri, na wengi wa waliokuwa wakilijua jibu wamekwisha kufa bila kuulizwa.